Kulala ng'ambo, kutumika huku: kodi tunalipa wapi, permi inatumika wapi?

Goma, mwezi wa saba 2021

Vijana wenzetu wa Goma, wa Bukavu, wa Uvira, na ninyi wote mwenye kuvuka mupaka asubuhi na kurudi mangaribi,

Siku ya posho, tarehe 26 mwezi wa sita, maraisi wawili walikuwa hapa kwetu Goma. Siku moja mbele walikutana Gisenyi. Kisha mazungumuzo, mapatano matatu yalitiwa sahihi. Ya kwanza ni juu ya kulinda feza za wenye kuwekeza. Ya pili ni juu ya zahabu, kati ya Sakima na kampuni Dither. Ya tatu ni juu ya kodi: mutu asitozwe kodi mara mbili ku feza moja, na wenye kukimbia kodi wafuatwe pande zote mbili.

Ile ya zahabu ilileta makelele, na ilistahili. Lakini leo tunataka kuongea juu ya ile ya tatu. Iliandikwa mu luga ya makampuni, na watu wengi walipita pembeni yake sawa vile haiwahusu. Inawahusu. Inahusu mwalimu mwenye kufundisha Birere na kulala Gisenyi. Inahusu mufanyakazi wa shirika mwenye ofisi yake iko Himbi na nyumba yake iko ng'ambo, juu kule umeme haukatike-katike, au juu kisha 22 mwezi wa tano hataki tena kulala karibu na volkano. Inahusu pia Munyarwanda mwenye duka ama kazi Goma na watoto wake wanasoma Gisenyi. Ku Ruzizi, kati ya Bukavu na Cyangugu, ni mambo ile ile.

Watu hao hawako wachache. Mbele ya korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanavuka barieri kila siku, zaidi Barieri Ndogo. Mwezi wa tatu 2020 mupaka ulipofungwa, familia nyingi zililazimishwa kuchagua upande wa kulala. Pale njo tuliona wazi kama maisha ya muji huu iko pande mbili, lakini karatasi zote za leta, za huku na za kule, zilitengenezwa kwa mutu mwenye kulala na kutumika pahali pamoja.

Tuanze na kodi.

Hapa Kongo, mutu mwenye kulipwa mushahara anakatwa IPR. Hailipi yeye mwenyewe: patron wake njo anaikata kila mwezi na kuipeleka DGI. Inapanda kwa ngazi, 3, 15, 30 mpaka 40 kwa mia, kufuatana na ukubwa wa mushahara. Haiulize unalala wapi. Kazi iko Kongo, basi kodi iko Kongo. Mpaka hapo hakuna shida.

Rwanda inauliza swali lingine. Sheria yao ya kodi inasema kama uko na nyumba ya kukaa kule, ama ulikuwa kule siku 183 mu miezi 12, hata kama si siku za kufuatana, wewe ni mukaaji. Na mukaaji anatozwa kodi ku mapato yake yote, hata yale aliyopatia inje ya inchi. Ku mushahara wa mwezi, mu 2021 kule walikuwa hawakate kitu mpaka franga 30.000 za Rwanda, kisha ilikuwa 20 kwa mia mpaka 100.000, na juu ya hapo 30 kwa mia.

Fanya hesabu. Mutu mwenye kulala Gisenyi usiku tano kwa juma anafikisha 260 kwa mwaka. Hata usiku ine kwa juma ni 208. Kwa hiyo mufanyakazi wa Himbi mwenye kulala ng'ambo, mwenye IPR yake imekwisha kukatwa Goma, mbele ya sheria ya Rwanda ni mukaaji mwenye kupashwa kutangaza ile mushahara kule pia. Wengi hawajui. Wengine wanajua na wanaomba Mungu mutu asiulize. (Na wale wenye walikimbia volkano na kulala wiki nzima kwa shangazi Gisenyi, zile siku zao nazo ni siku. Tusiogope: wiki moja haifikishe 183.)

Sasa, kitu chenye watu wengi hawakuambiwa: sheria hiyo ya Rwanda yenyewe inakubali kupunguza kodi yao kwa kiasi cha kodi yenye ulilipa inje. Haipite kile ambacho Rwanda ingekutoza, lakini inapunguza. Haingojee mapatano ya maraisi. Inangojea kitu kimoja tu: uhakikisho. Onyesha kama ulilipa.

Pale njo tunaangukia. Nani kati yetu iko na karatasi yenye kuonyesha kama IPR yake ilifika DGI? Unapewa mushahara, pengine ndani ya bahasha, unaambiwa "kodi imekwisha kutoka", unatia sahihi ku liste, unaenda. Fishi ya mushahara hakuna. Ama iko, lakini haionyeshe ni ngapi ilikatwa na mwezi gani. Siku utaulizwa ng'ambo, utajibu nini? "Patron wangu aliniambia"? Kule hiyo si kwitansi.

Kwa hiyo tunasema kwa kila kijana mwenye kulipwa: omba fishi ya mushahara kila mwezi, yenye kuandikwa kiasi cha IPR. Mwisho wa mwaka omba atestasio yenye kusema mwaka huu tulikukata hivi na tulilipa hivi. Omba kwa adabu, omba kwa maandishi, chunga kopi. Kama patron anakataa, ni alama. Patron mwenye kulipa kweli hana sababu ya kuficha karatasi. Mwenye kukata kodi na kuibakisha mufukoni, huyu anakuibia wewe na anaibia inchi kwa mara moja.

Tuseme pia ukweli mwingine, hata kama hautapendeza wote. Kuko kati yetu wenye wamefanya mupaka kuwa maficho. Huku wanasema "mimi nakaa ng'ambo". Ng'ambo wanasema "mimi natumika Kongo". Wanalala muzuri pande zote mbili na hawalipi upande wowote. Hatuwezi kuwasifu. Katiba yetu, ku kifungu cha 65, inasema kulipa kodi ni wajibu wa kila Mukongomani. Movema ya wanainchi yenye kuuliza kila siku feza ya barabara ilienda wapi, haiwezi kufumba macho juu ya mwenye kukataa kuiweka.

Lakini Katiba hiyo hiyo, ku kifungu cha 174, inasema hakuna kodi isipokuwa ile yenye iliwekwa na sheria. Na hapa tunageukia wale wa barieri. Dekreti namba 036 ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 ilitaja huduma ine tu zenye haki ya kutumika ku mupaka: duane, yenye leo inaitwa DGDA, OCC, DGM na Hygiène. Ine. Mama mwenye kubeba kitunga cha nyanya anaweza kukuhesabia wangapi wanamusimamisha kati ya barieri na soko, na hatafikia ine tu. Kila mumoja na karatasi yake, wengine bila karatasi. Mama huyu analipa "kodi" nyingi kuliko watu wengi wa ofisini, na mwisho wa mwaka hana hata kwitansi moja ya kuonyesha kama ni mulipa kodi. Mwenye kuomba feza bila kwitansi, tumuulize jina la huduma yake na sheria yake. Si matukano. Ni swali.

Sasa permi. Hapa mambo iko ya kuchekesha, mpaka siku ya ajali.

Kongo na Rwanda, zote mbili, ziko ndani ya Mapatano ya Geneva ya 1949 juu ya mwendo wa barabara. Maana yake: mwenye permi ya kweli ya Kongo anaweza kuendesha Rwanda bila kufanya tena egzame, na wa Rwanda anaweza kuendesha Kongo. Lakini ni kwa mupita-njia. Mapatano yanasema inchi hailazimishwe kumukubalia ule mwenye amebaki ndani yake zaidi ya mwaka mumoja mufululizo. Kisha huo mwaka, inaweza kukudai permi ya kwake.

Mufululizo. Tafazali shikilia hilo neno. Mutu mwenye kuvuka kila siku, anabakia wapi mwaka mumoja mufululizo? Hapana upande wowote! Kila asubuhi anatoka Rwanda, kila mangaribi anatoka Kongo. Kwa kodi, siku zinahesabiwa hata kama zimekatika-katika, kwa hiyo yeye ni mukaaji. Kwa permi, siku zinapashwa kufuatana, kwa hiyo anaweza kusema yeye ni mugeni maisha yake yote. Mutu mumoja, kitanda kimoja, na inchi moja inamuita majina mawili kufuatana na ofisi gani inauliza.

Penye sheria inaacha shimo, askari wa barabara njo anaamua. Ule wa leo anaangalia permi yako, anakuambia pita. Wa kesho anakuambia: "Weye unakaa hapa, kila siku nakuona, hii permi haiko ya huku." Na wote wawili wanaweza kuwa na sababu. Hatusemi askari ni mubaya. Tunasema hakuna mutu alimupa maandishi ya kufuata, na kijana wa motari mwenye kazi yake iko ku barabara hawezi kujenga maisha juu ya mawazo ya kila askari.

Kuko pia wenye kufanya kinyume: wanakaa Goma, lakini wanaenda kutafuta permi inje, ama wanakaa ng'ambo na wanakuja kuitafuta huku juu wanaona ni mwepesi. Wajue kama Mapatano ya Vienne ya 1968, yenye Kongo iliingia ndani mu 1977, inaruhusu inchi kukataa permi yenye mukaaji wake alienda kuchukua mu inchi ingine. Permi inafuata makao. Pahali unakaa kweli, penye familia yako iko na nguo zako ziko, pale njo unapashwa kuomba permi, ama kugeuza ile ya zamani.

Na huo "wepesi", tuuongelee. Ng'ambo, unapita egzame ya kodi ya barabara mbele ya polisi, unapata permi ya muda yenye kudumu miaka miwili, kisha unapita egzame ya kuendesha. Watu wanaanguka, wanarudia, wananung'unika, wanarudia tena. Huku kwetu, sheria ya barabara iko tangu tarehe 30 mwezi wa munane 1978, na nayo inataka egzame. Lakini kila mutu mu muji huu anajua mutu mwenye alipata permi bila kukaa mbele ya volan hata siku moja. Alitoa picha, alitoa feza, akarudi na permi. Tunacheka juu yake ku meza. Ni mbaya zaidi ya vile tunafikiri. Sababu siku polisi wa inchi ingine ataanza kuwa na mashaka juu ya permi za Kongo, hatachagua ile ya uongo na ile ya kweli. Atatia mashaka juu ya zote, na shofere wa kamyo mwenye alijifunza miaka mitatu chini ya mukubwa wake atalipa deni ya ule mwenye alinunua.

Inauma zaidi juu shida yenyewe ingeweza kuwa ndogo. Kongo na Rwanda, zote zinaendesha kuume. Burundi pia. Si sawa na kuvuka Bunagana uingie Uganda, penye unapashwa kugeuza akili na kushika kushoto. Kati ya Goma na Gisenyi mikono haina kitu cha kujifunza upya. Kinachobaki ni karatasi tu.

Na juu ya karatasi, usisahau asiransi. Permi bila asiransi yenye kuvuka mupaka ni nusu ya kitu. Kuko Karte ya Manjano ya COMESA, yenye inchi zetu zote mbili zinaitambua, na inalipa wale wenye unaweza kuumiza ng'ambo. Asiransi ya kawaida ya Goma mara nyingi inaishia ku barieri. Uliza mbele ya kuvuka, usiulize kisha kugonga mutu. Na ujue kama permi yenye haikubaliwe inaweza kufanya asiransi ikatae kukusimamia. Mutoto wa watu iko hospitali, familia iko mulangoni, na wewe unabaki peke yako na deni yenye haitaisha.

Basi tunadai nini?

Kwanza, yale mapatano ya tarehe 26 yatangazwe yote, mustari kwa mustari. Sahihi ya maraisi haitoshi. Kifungu cha 214 cha Katiba kinasema mapatano yenye kugusa feza za inchi yanahitaji sheria ya kuyakubali, maana yake yapite Bunge. Na cha 215 kinasema kisha kutangazwa yanakuwa na nguvu kuliko sheria za kawaida. Kitu chenye kitakuwa juu ya sheria zetu, hatuwezi kukijua kwa picha za kushikana mikono tu. Na kisomwe mu Kiswahili. Ni luga ya Goma na ya Bukavu, na kule Gisenyi pia soko linaisikia.

Tena, ndani yake iwe na kifungu cha watu wa mupakani. Haiko kitu cha kuota: Ufaransa na Ujerumani, ku mapatano yao ya kodi, wana kipande cha peke juu ya wafanyakazi wenye kulala upande mumoja na kutumika upande mwingine, na wamesema wazi ni inchi gani itatoza. Kongo nayo haianzi leo, iko na mapatano ya kodi na Ubelgiji na Afrika ya Kusini. Lakini Bruxelles na Pretoria hakuna mutu anaenda kwa miguu asubuhi. Gisenyi tunaenda kwa miguu. Kama hicho kifungu hakimo, kiongezwe mbele ya Bunge kukubali. Ikiwa mapatano yatalinda kampuni ya zahabu na yatamuacha mwalimu wa Birere, basi tutajua yaliandikwa kwa ajili ya nani.

Juu ya permi, haihitaji hata mukutano wa maraisi. Polisi ya rulaje ya huku na polisi ya kule wanaweza kukaa asubuhi moja na kuandika ukurasa mumoja: mwenye kuvuka kila siku anatumia permi gani, mwenye kuhama iko na miezi ngapi ya kugeuza, na anageuzia wapi. Ukurasa huo ubandikwe ku barieri zote mbili, ili askari na shofere wasome kitu kimoja. CEPGL ilizaliwa kwa kazi ya namna hiyo. Mwezi wa kenda itafikisha miaka 45, na makao yake iko pale pale Gisenyi, karibu na mupaka. Lesepase yake inatusaidia kuvuka. Ifanye na hii.

DGI nayo itoe atestasio ya kila mwaka kwa mufanyakazi mwenyewe, asipitie kwa patron. Jina lake, namba yake, kiasi kilichoingia. Kama feza imefika kweli ku kasha ya inchi, kuandika hivyo haiombi nguvu nyingi.

Tunajua kama jimbo letu liko chini ya hali ya dharura tangu tarehe 6 mwezi wa tano, gavana ni musirika, na Bunge la jimbo limesimamishwa. Kwa hiyo barua yetu itaenda kwa wadepite wa taifa wenye tuliwapigia kura, Goma na Nyiragongo. Kikao chao kinafunguka tarehe 15 mwezi wa kenda. Mbele ya hapo tunakusanya mambo ya kweli, si uvumi: kopi za fishi za mushahara, kwitansi za barieri, karatasi za feni ya rulaje za huku na za kule. Funika jina lako na namba yako kwa kalamu nyeusi mbele ya kututumia. Mwenye hana karatasi lakini iko na swali, aandike swali: unalala wapi usiku ngapi, unatumika wapi, unaendesha nini, ulidaiwa nini na nani. Maswali ya wenzetu wa ng'ambo nayo tunayapokea, tutayaweka pamoja na ya kwetu mu barua moja.